Deb Haaland hakurithi kiti cha mtu

Sasa jamani, sisi huku tukisikia mwanasiasa "katoka familia fulani" tunajua tayari, baba alikuwa mbunge, mjomba mkuu wa mkoa, kiti kinazunguka humohumo ndani ya ukoo. Huyu mama Deb Haaland, mwanasiasa wa New Mexico kule Marekani, hana hiyo. Kwa mama ni mtu wa Laguna Pueblo, wenyeji wa asili kabisa, baba ni mzungu mwenye asili ya Norway, na wazazi wote wawili wanajeshi, kwa hiyo kasoma shule 13 mpaka anamaliza sekondari, yaani ukizoea tu dawati unaambiwa fungasha.

Ila aliyemtengeneza, mi naona, ni bibi. Deb yuko chuo kapewa kazi ya kuandika, akaenda kumhoji bibi yake na ndo kwa mara ya kwanza bibi akafunguka, kwamba alipokuwa na miaka 8 padri alikusanya watoto kijijini wakapakiwa kwenye treni wakapelekwa shule ya bweni, mbali na wazazi na mila zao, mpaka miaka 13. Wakalia wote wawili.

Digrii kapata 1994 akiwa na mimba, siku 4 mbele kajifungua, kalea peke yake huku anauza salsa (ile sosi ya kuchovya), na kuna kipindi kaishi kwa msaada wa chakula wa serikali. Siasa kaanzia chini, kujitolea kwenye kampeni za wengine, kuhimiza wenyeji wenzake wakapige kura. 2014 kagombea unaibu gavana kaanguka, 2018 kachaguliwa Bunge, yeye na Sharice Davids wa Kansas, wanawake wa kwanza wenyeji wa asili kuchaguliwa humo.

2021 Biden kampa Wizara ya Mambo ya Ndani (ya kwao siyo ya polisi, ni ardhi, mbuga na mambo ya makabila). Wizara hiyohiyo ndo ilikuwa na mkono kwenye zile shule! Akaagiza uchunguzi, zikatajwa shule 408, baadaye vifo vya watoto 973, na mwenyewe akazunguka majimboni kukaa na wazee awasikilize, kilekile alichofanya kwa bibi. Oktoba 2024 Biden akaomba radhi kwa niaba ya serikali.

Msinielewe vibaya lakini, 2023 serikali hiyohiyo ilipitisha mradi wa mafuta wa Willow kule Alaska na kuna wenyeji walioumia sana, hapo mi simtetei. Haya, maswali.