Nalipwa Kuchora Mkia wa Baisani: Maisha Yangu Ndani ya Yellowstone

Haya, mambo zenu watu wangu! Wakubwa wote shikamooni. Mnaona ule weupe unaopanda nyuma yangu kule? Huo si moshi, ni mvuke. Hapa ardhi yenyewe inachemka. Niko Yellowstone, na leo nawajibu wote mnaoniuliza kila siku, "Kaka, hivi huko Marekani unafanya kazi gani hasa?" Maana mama mdogo ameshautangazia mtaa mzima kwamba mimi ni askari wa wanyamapori. Mama mdogo nakupenda sana, ila sina bunduki. Nina penseli.

Mimi ni mchoraji. Nachora vibao vya kuwaelekeza na kuwaonya wageni wa hifadhi hii ya taifa. Serikali haijaniajiri moja kwa moja, kwa sababu ajira za serikali kuu huku kwa kawaida zinataka uraia na mimi bado natembea na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi. Nipo kwenye shirika lisilo la kiserikali linaloshirikiana na hifadhi, mkataba wa msimu, ukiisha unaomba upya. Basi, ya mikataba tuyaache hapo, hayana ladha.

Najua mnachokiwaza. Mnaniona nimekaa juu ya jiwe, kofia kichwani, nachora machweo huku upepo unapuliza. Jamani! Siku nyingi nipo Mammoth, yalipo makao makuu ya hifadhi, kwenye chumba chenye kompyuta na taa mbaya, nabishana na watu wazima kuhusu mkia.

Ngoja niwaelezee huu mkia, maana ndiyo kazi yenyewe hii.

Huku kuna baisani. Ni ndugu wa mbali wa nyati wetu, ila huyu ana nundu begani na manyoya kama amevaa koti la bibi yake. Anaonekana mpole, mzito, mvivu. Wageni wanamsogelea wapige naye picha. Huyu mnyama anakimbia kilomita 56 kwa saa, wewe na miguu yako hiyo unakwenda wapi? Sheria ya hapa ni kukaa naye mbali angalau mita 23, na kwa dubu na mbwa mwitu mita 91. Sasa mgeni aliyetoka kwenye gari na watoto watatu, mmoja analia, hawezi kusoma aya ndefu ya sheria. Anatupa jicho sekunde tatu halafu anaondoka. Hizo sekunde tatu ndizo napewa mimi.

Na baisani, kwa bahati nzuri, anaonya kabla hajaja. Mkia ukiwa umelala chini, unapepea kufukuza nzi, mara nyingi ametulia. Mkia ukisimama wima, ondoka, anaweza kukuvamia. Kwa hiyo kibao kizima kinasimama juu ya mkia. Nikiuchora umeinuka nusu, mgeni ataelewa nini? Mtaalamu wa wanyama anautaka mkia kama ulivyo porini. Mtu wa usalama anataka uonekane ukiwa mbali. Mimi nataka usionekane kama antena ya redio. Tunakaa mezani, nachora mkia huu, nachora mwingine, wanapeana karatasi, mmoja anasema mnyama amekonda, mwingine anauliza mbona mabega yake ni ya dume na kichwa ni cha jike. Mchoro unarudi una alama nyekundu kila mahali na hakuna anayenuna. Ukiwa msanii wa "usiguse kazi yangu", huku hutamaliza wiki.

Mkia ukipita, yanafuata maneno. Aya inaletwa ndefu, mimi na mwandishi tunaikata, tunaikata, mpaka zinabaki sentensi chache ambazo huwezi kuzitoa hata moja. Kisha namwandikia maelezo ya sauti mgeni asiyeona. Hapa ndipo nimejifunza kuchora upya. Huwezi kumwambia mtu asiyeona kwamba "huyu ni baisani mzuri". Unasema mnyama amesimama ubavu, kichwa kimeinama chini kuliko nundu, mkia umenyooka juu kama alama ya mshangao. Nikishindwa kuuelezea mchoro wangu kwa maneno hivyo, najua mchoro wenyewe haujakaa sawa, narudi kwenye penseli.

Halafu kimo cha kibao. Lazima mtu wa kiti cha magurudumu akisome bila kunyanyua shingo, na mtu mrefu asipige magoti. Kinalazwa kwa mshazari, chini ya usawa wa kifua, ili ukiinua macho tu unaiona ile nchi inayoelezwa. Kibao kinachokufanya uendelee kukitazama chenyewe kimefeli. Wewe umesafiri kuja kuliona bonde, sio kuja kuniona mimi.

Na kinawekwa nje mwaka mzima. Huku theluji inafunika kila kitu, kisha linakuja jua la milimani linalokula rangi. Vibao vingine vinatengenezwa kwa chuma kilichopakwa unga wa kioo na kuchomwa kwenye tanuri hadi kioo kiyeyuke na kushika. Vingine ni tabaka za karatasi zilizobanwa pamoja na resini kwa joto. Mnakumbuka Edward Saidi Tingatinga, miaka ya sitini kule Oysterbay, alipaka rangi za mafuta zile zinazong'aa kwenye mbao za bei rahisi? Kila nikiona kibao kipya kinang'aa juani namkumbuka yule mzee. Angepewa baisani, mkia ungeonekana kutoka mwezini.

Sasa kuna kibao kimoja hapa ambacho sikukichora mimi, kipo kabla yangu, na nakiheshimu. Kinamwonyesha mtoto ametoka nje ya njia ya mbao, ardhi imepasuka chini ya mguu wake, mvuke unatoka. Hata asiyejua Kiingereza anaelewa. Ndani ya Yellowstone chemchemi za maji moto zimejeruhi au kuua watu wengi kuliko kitu kingine chochote cha asili, na zaidi ya watu 20 wamekufa kwa kuungua humo. Ukoko wa juu unaonekana kama ardhi ya kawaida, kumbe ni mwembamba na chini yake maji yanachemka. Kwa hiyo mtu akiniambia "kuchora vibao ni kazi ya watoto", namwangalia tu.

Nami mwenyewe siruhusiwi kutoka kwenye njia ya mbao eti kwa sababu nina brashi. Tena msanii anabanwa zaidi maana anakaa muda mrefu sehemu moja. Siokoti jiwe. Sichumi ua. Siwezi kuchota udongo ule wa njano nikasaga rangi, hata kijiko kimoja, ni kosa kisheria. Maji ya kusuuzia brashi naondoka nayo kwenye chupa, simwagi kwenye chemchemi. Na pale kwenye zile chemchemi zinazoruka, kama Old Faithful, ukikaa upande unakoelekea upepo matone yanatua kwenye miwani, yakikauka yanaacha madini yanayogandamana na kioo, sugua utakavyo. Kwa hiyo jambo la kwanza nikifika ni kuangalia upepo, kisha ndiyo niangalie uzuri.

Hewa ya huku ni kavu na tuko juu, sehemu kubwa ya hifadhi iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Rangi ya maji inakauka kabla hujaitandaza, ukipiga brashi ya pili inaacha mstari. Baridi ikianza ni kinyume chake, rangi inaganda kwenye karatasi, inatengeneza maua ya barafu. Wengine wanatia pombe kali kidogo kwenye maji ili yasigande. Mama mdogo, nimesema kwenye maji ya kuchorea.

Rangi za hapa nazo zina adabu yake. Kuna dimbwi linaitwa Grand Prismatic, upana wake unapita mita 100. Katikati bluu kali, pembeni kijani, njano, chungwa, kahawia. Ukiichora kwa jicho la msanii tu utapanga rangi unavyopenda. Haipangwi hivyo! Zile rangi za pembeni ni vijidudu hai, na kila aina inakaa pale joto linapoifaa. Katikati kuna moto mno kwao, ndiyo maana unaona maji matupu, bluu. Ukihamisha chungwa sentimita mbili kuelekea katikati kwa sababu "inapendeza", umemdanganya mtoto wa shule kuhusu joto la maji. Na hivi vijidudu si vya mchezo. Mwaka 1966 Thomas Brock alipata humu humu bakteria anayeishi kwenye maji moto, Thermus aquaticus, na kimeng'enya chake ndicho kilichokuja kutumika kunakili DNA kwenye maabara dunia nzima. Vile vipimo vya korona vya kuingiziwa kijiti puani, vipimo vya PCR, mzizi wake uko hapa.

Mtaniuliza, hivi mchoraji ana umuhimu gani kwenye hifadhi wakati kila mtu ana simu yenye kamera? Nendeni 1871. Msafara wa Ferdinand Hayden unakuja huku kuchunguza, na ndani yake yupo mpiga picha William Henry Jackson na mchoraji Thomas Moran, miaka 34, kijana kama sisi, ambaye inasemekana hakuwahi kupanda farasi kabla ya safari hiyo. Picha za Jackson zilikuwa nyeusi na nyeupe. Wanasiasa kule Washington waliosikia habari za ardhi ya njano na maji yanayoruka walihitaji kuona rangi, na rangi zilitoka kwenye karatasi za Moran. Tarehe 1 Machi 1872 Rais Ulysses Grant akatia saini sheria ya kuanzisha Yellowstone. Sisemi brashi peke yake ndiyo iliyofanya, kulikuwa na watu wa reli na maslahi yao. Ila ilikuwepo mezani. Mwaka huo huo Bunge likanunua mchoro wake mkubwa wa korongo kwa dola 10,000.

Lakini Moran hakuwa mtu wa kufuata mstari. Alihamisha mawe, akaunganisha mandhari tofauti kwenye turubai moja. Hata pale panapoitwa Artist Point, watu waliamini muda mrefu ndipo alipochorea maporomoko, kumbe alichorea ukingo wa pili, wa kaskazini. Yeye angeweza. Mchoro wake ulitazamwa na mtu aliyekaa Washington. Mimi wangu unatazamwa na mtu aliyesimama mbele ya mlima wenyewe, anaangalia kibao, anainua macho, analinganisha. Kilele kikikosekana atauliza.

Na Moran alilipenda hili eneo mpaka akaliingiza kwenye saini yake, akawa anaandika TYM, ile Y ni ya Yellowstone. Mimi sitii saini kabisa. Vibao ninavyochora havina jina la mchoraji. Tena kazi ya mtumishi wa serikali kuu huku, akiifanya ndani ya ajira yake, haina hakimiliki nchini hapa, ni mali ya kila mtu. Mimi ni wa shirika, ila mkataba wangu nao unaikabidhi hifadhi haki zote. Mwanzoni iliniuma, sitaficha. Msanii bila jina ni nini? Siku hizi naona unafuu wake. Watoto wanaushika mchoro kwa mikono yenye chokoleti, wanauliza baba mkia upo wapi, baba anawaonyesha, wanarudi nyuma hatua kadhaa. Wangekuwa wamelisoma jina langu, lingewasaidia nini?

Ya nyumbani kwangu nitayapitisha haraka. Nakaa nyumba ya wafanyakazi na wenzangu, jiko moja, duka kubwa liko mbali hivyo tunanunua chakula cha muda mrefu kwa mkupuo. Mtandao unakuja ukipenda. Msimu wa mapenzi ya kulungu wakubwa wa huku, madume yanajaa kwenye nyasi za Mammoth, yanapiga mluzi usiku kucha, na asubuhi huwezi kwenda ofisini mpaka bwana mkubwa aliyelala mlangoni aamue kuhama.

Sasa nyie wachoraji mnaotaka njia. Zaidi ya hifadhi 50 huku zina mpango wa msanii mkaazi. Unapewa mahali pa kukaa kwa wiki chache, unafanya kazi yako, na mara nyingi unatakiwa kuzungumza na wageni au kuiachia hifadhi kazi moja. Masharti yanatofautiana hifadhi kwa hifadhi, na viza ni habari nyingine kabisa, kwa hiyo soma tangazo lenyewe, usimlipe mtu anayekuahidi nafasi. Na hata kabla ya kufikiria ndege, mnaoishi jirani na Mikumi, Serengeti au Udzungwa, nendeni mkachore huko huko.

Mkinitumia kazi zenu niziangalie, na mnatuma, sikatai, naomba msinitumie simba mbele ya jua jekundu. Ninao simba wa kutosha. Nichoreeni jambo moja ambalo mgeni lazima alielewe kwa sekunde tatu. Tembo aliyetandaza masikio, na mtu ajue arudi nyuma. Kiboko na njia yake ya kuelekea mtoni, na mtu ajue asisimame katikati. Andikeni na maelezo yake kwa mtu asiyeona, sentensi tatu, zisizidi. Nitachagua kadhaa tuzipitie pamoja video ijayo, na nitakuwa mkali, alama nyekundu ninazo. Sasa nakimbia kikaoni, leo wanaleta hoja kuhusu kwato.