Acha Spika Ikorome

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Asanteni kwa kuja na jua hili la saa tisa, na asante kwa aliyewasha hizi feni.

Mimi kazi yangu ni fundi mitambo. Nimekaa nyuma ya miksa, ile meza ya kupandisha na kuteremsha sauti, miaka 19, kwenye shughuli za hapa Tanga, Ngamiani, Chumbageni, mpaka Pangani huko, na sifa yangu ni moja: spika zangu hazikoromi. Spika ikikoroma, mama wa bwana harusi anakuja na kanga yake begani. "Mwanangu, mbona inakwaruza?" Basi nateremsha. Ndiyo kazi yenyewe, kuikamata ile sauti ya kupasuka kabla masikio ya wageni hayajaifikia.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyoshtuka nilipoanza kusikiliza kwa makini wanawake wa roki, ule muziki wa magitaa ya umeme, na hasira zao, ndiyo mada yangu leo. Ile kasoro ninayolipwa kuiondoa, wenzangu wanatoa pesa ili waiweke.

Nieleze kidogo, wasiopenda mambo ya umeme wanisamehe. Amplifaya ina kikomo. Ukiipa sauti kubwa kuliko inavyoweza kubeba, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa. Pale yanapokatwa zinazaliwa sauti nyingine, za juu, ambazo mpigaji hakuzipiga. Gitaa moja linasikika kama manane yanagombana. Wapiga roki wana kiboksi chini, wanakikanyaga kwa mguu: ukikanyaga gitaa linakoroma, ukikanyaga tena linatulia. Kile chombo kimezidiwa, na kinakwambia kimezidiwa. Hayo tu.

Sasa, nilipopewa mada hii, hasira za wanawake katika roki, hasa ile inayoitwa mbadala, na ile ya indi inayotoka kwenye lebo ndogo zinazojitegemea, nilicheka. Tanga! Waja leo, waondoka leo! Mji huu uje ufundishwe na Marekani namna mwanamke anavyokasirika kwa wimbo? (Kicheko.) Bibi zetu wa lelemama, ile ngoma ya wanawake, pwani hii walishambuliana kwa nyimbo kabla redio haijafika. Miaka ya 1990, waimbaji wa taarabu Khadija Kopa akiwa kundi la TOT na Nasma Khamis akiwa kundi la Muungano, watu walijaza kumbi kwenda kusikia nani kapigwa kijembe na nani kajibu. Hata gitaa la umeme si geni hapa. Taarabu ya Unguja ilipokuwa bado ya fidla na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, makundi ya Black Star na Lucky Star wa hapahapa Tanga, miaka ya 1960 na 1970, walikuwa wameshaweka gitaa na besi. Shakila, mwimbaji wa taarabu, aliimba macho yanacheka, moyo unalia. Hebu niambieni, kuna maelezo bora ya hasira iliyomezwa kuliko hayo?

Basi tofauti iko wapi? Nimeifikiria sana, na jibu nililipata kwenye tuzo, ile noti anayopewa mwimbaji anapoimba.

Harusi moja Ngamiani, mama mmoja alitoka meza ya nyuma kabisa, kajifunga kanga kiunoni, noti ya elfu mbili juu kama bendera. Mwimbaji hakumtazama, alimpita. Alikwenda mpaka kwenye kiti cha mama mwingine, akamzunguka mara tatu, anacheza taratibu, macho kayainua darini, noti inapepea karibu na pua ya mwenzake. Halafu ndipo aliporudi akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Hakutamka neno. Ukumbi mzima ulijua. Lakini nani atamshitaki? Wimbo si wake. Ukimuuliza mwimbaji, yeye anaimba kazini. Maneno ni ya mtunzi, na mtunzi yuko kwake kalala. Na mara nyingi, niseme ukweli wa niliyoyaona, mtunzi ni mwanaume.

Ile ni hasira ya kuazima. Ina ufundi mkubwa, siidharau hata chembe. Mtu anatukana na stara yake haijadondoka. Ila mwenye hasira haitwi kwa jina, na hasemi "mimi."

Wale wa roki walichokifanya ni kuweka "mimi" mbele ya maikrofoni na kukaa nayo.

Nianze na mmoja ambaye hapa hamumjui na ana haki ya kujulikana. London, 1977. Msichana ana miaka 19 hivi au 20, meno yake yamefungwa waya, anajiita Poly Styrene, kundi lake X-Ray Spex. Baba yake Msomali. Naam, damu ya huku kwetu Afrika Mashariki, kwenye panki ya Uingereza, roki ya haraka na ya fujo. Wimbo wao wa kwanza unaanza na yeye anaongea, si kuimba, kwa sauti laini ya mtoto mwenye adabu: wapo watu wanaodhani wasichana wadogo inafaa waonekane, wasisikike. Anapumua. Kisha anapiga ukelele ambao mimi kwenye miksa ningerukia vitufe vyote kwa pamoja, na nyuma yake saksafoni inalia kama king'ora. Anayajua maneno ya wakubwa, anayasema vizuri, halafu anayavunja.

Wa pili ni PJ Harvey, Mwingereza wa kijijini Dorset. Albamu yake ya 1993, Rid of Me, inanichekesha kama fundi. Inaanza kwa mnong'ono, gitaa linakunwa tu. Husikii. Unaongeza sauti. Bado. Unaongeza. Na ukishaongeza vya kutosha, ndipo anapolipuka, na spika zako zinaruka mezani. Watu wanadhani ile ni mitambo mibovu. Hapana! Umeambiwa kitu taratibu mara tatu hukusikia, ya nne umeiona mwenyewe. Wanaume mliopo hapa mnaijua hiyo bila albamu. (Kicheko kirefu.)

Alanis Morissette mnamjua, nimeona mnatikisa vichwa. Mkanada, Jagged Little Pill, Juni 1995, ana miaka 21, nakala zaidi ya milioni 30 duniani. Wimbo uliomtangaza anamwambia mwanaume aliyemwacha: mimi bado nipo, na unapaswa kujua ulichoniachia. Lakini angalieni, jina la bwana hajalitaja hadharani mpaka leo, na watu wamekisia miaka yote hii. Kumbe hata kule fumbo lina mahali pake. Baada ya hapo makampuni makubwa yakaanza kutafuta mabinti wenye hasira kama walanguzi wanavyotafuta machungwa ya Muheza msimu ukifika, na nyingi ya hizo hasira zilikuwa za kupakwa rangi. Hizo sina habari nazo.

Wa kukaa naye kidogo ni Sinéad O'Connor wa Ayalandi. Tarehe 3 Oktoba 1992, yuko kwenye kipindi cha Saturday Night Live, Marekani, matangazo ya moja kwa moja. Hana gitaa, hana ngoma, hana kiboksi cha kukanyaga. Kichwa kimenyolewa. Anaimba War, ule wa Bob Marley, ambao maneno yake yametoka kwenye hotuba ya Mfalme Haile Selassie mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963. Mwishoni anainua picha ya Papa na kuichana vipandevipande. Alikuwa analia juu ya watoto waliodhulumiwa ndani ya kanisa. Ukumbi ukawa kimya. Majuma mawili baadaye, Madison Square Garden, jijini New York, alipopanda jukwaani alizomewa. Wanamuziki wakaanza kumpigia wimbo uliopangwa, akawazuia. Akaupaza tena War, peke yake, sauti imepasuka, mpaka akamaliza. Miaka mingi ilipita kabla dunia haijakiri, kwa ripoti za tume na za serikali, kwamba yale ya watoto yalikuwa kweli. Yeye mwaka 2018 alisilimu, akajiita Shuhada. Amefariki 2023, Mungu amrehemu.

Mzee pale nyuma amenyoosha mkono. Ndiyo, baba. (Mzee anauliza: huko kuchana picha ya kiongozi wa dini za watu ndiyo adabu gani?) Swali zuri. Mimi nisingeichana, nimelelewa Tanga. Lakini mzee wangu, tuulize pia aliyechanwa kwanza alikuwa nani.

Na kwa kuwa tumefika hapo: sisi tulikuwa naye wetu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Aliimba habari ya Kijiti, mwanaume aliyemuua mwanamke mgeni Unguja kisha akatoroka, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Hakuficha kwenye fumbo la ua wala la ndege. Alimtaja Kijiti kwa jina. Kwa hiyo tusiseme kutaja ni mila ya Wazungu.

Kuhusu nafasi ukumbini nitapita haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Olympia, jimbo la Washington, lilizuka vuguvugu la wasichana wa panki lililoitwa Riot Grrrl, na Kathleen Hanna, mwimbaji wa kundi la Bikini Kill, alikuwa akisimamisha onyesho na kuwaambia wasichana waje mbele, wanaume warudi nyuma, maana mbele palikuwa pa kusukumana na kuumizana. Nilipoisoma hiyo nikasema, maskini! Mbele ya taarabu mama zetu wapo siku zote, tiketi yao ni noti. Wao walikuwa na "mimi" wakatafuta mbele. Sisi mbele tunayo.

Sasa nikiri jambo. Lile kundi silitaji, na yule dada simtaji. Alikuwa mwimbaji mzuri, sauti ya asali. Juma lile mumewe alikuwa ameoa, na yeye aliambiwa na majirani. Jumamosi akaja kazini kama kawaida, wanja, udi, kila kitu. Wimbo wa tatu, kwenye kiitikio, sauti yake ikapasuka. Haikuwa kukosea noti. Ilipasuka kama kitambaa kinachochanwa kwa mikono, na kwa kufumba na kufumbua ukumbi wote uligeuka, vijiko vikasimama hewani.

Nikamteremsha. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikapandisha kinanda, nikafunika. Kiongozi wa kundi akanionyesha dole gumba. Yule dada aligeuka akanitazama kule nyuma, sekunde moja tu, akaendelea kuimba vizuri mpaka saa nane za usiku.

Nimeshika miksa tangu hapo, nimesafisha sauti za watu wengi. Ile siisahau.

Huyu binti aliyekaa hapa kushoto kwangu ana miaka 17. Gitaa ni la mjomba wake, kiboksi tumekitengeneza pamoja kwa vipuri vya redio mbovu. Ana wimbo mmoja, kautunga mwenyewe, hauna fumbo hata moja, na mama yake yupo humu na ameruhusu. Leo sitamgusa. Nimevitoa vidole vyangu kwenye miksa, mnaviona.

Akina mama, sogeeni mbele. Wenye watoto wachanga wakae pale mlangoni. Haya mwanangu, washa.