Anza na Mlima Unakoishi: Mhadhara kwa Wanaotaka Kununua Pikipiki ya Kwenda Kazini, Bukavu

Jambo yenu, ba mama na ba papa, walimu, wauguzi, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma. Asanteni kwa kuacha kazi za Jumamosi. Nimeambiwa wengi wenu mnatafuta pikipiki ya kwenu, ya kuendea kazini na kurudi, kwa sababu nauli ya motari, yule dereva wa pikipiki ya kukodi, ya asubuhi na ya jioni inakula mshahara kabla haujafika nyumbani. Hilo nalielewa. Ninachotaka leo ni kwamba asiwepo mtu hapa atakayetoa akiba yake yote halafu apewe pikipiki isiyofaa njia yake.

Neno langu kubwa nalisema mapema, ili anayetoka kabla ya mwisho atoke nalo: usianze dukani. Anza na mlima unakoishi, kisha nenda kwa fundi wako, duka liwe la mwisho. Watu wengi wanageuza. Wanaona 150 imeandikwa ubavuni, yaani ukubwa wa injini kwa sisi (cc), wanapenda rangi, wanalipa, halafu ndipo wanauliza piesi, yaani vipuri, zinapatikana wapi.

Tuongee esansi (petroli) kwanza, maana ndiyo inayoogopwa. Mchukueni mwalimu anayekaa Panzi, anafundisha upande wa Nyawera. Tumhesabie kilomita 20 kwa siku, pamoja na kumpeleka mtoto shule na kupita sokoni. Siku 26 za kazi ni kilomita 520 kwa mwezi. Pikipiki ya sisi 100 iliyotunzwa inakula karibu lita 2 kwa kilomita 100. Ya sisi 150, kwa milima yetu, inaweza kufika lita 3. Akiwa na ya 100 atanunua lita 10 na kidogo, akiwa na ya 150 lita 15 na nusu. Zimepishana lita 5.

Kwa mshahara wa mwalimu lita 5 si mchezo. Lakini cheni kavu, tairi lenye upepo mdogo, filta ya hewa iliyojaa vumbi na karbirateri (kabureta, inayochanganya hewa na esansi) iliyochezewa na fundi wa kubahatisha, vikikutana vyote, vinaweza kumeza hizo lita 5 hata kwenye pikipiki ndogo. Na ukikaa wiki mbili ukingoja piesi moja itoke Kampala, huku unalipa motari kila siku, hasara hiyo ni kubwa kuliko esansi ya mwezi mzima. Kwa hiyo msidanganywe na hesabu ya tangi peke yake.

Sasa mlima. Ziwa letu la Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na nyumba zetu nyingi ziko juu ya ziwa. Pikipiki hizi zinatoka India, zinashuka melini Mombasa au Dar es Salaam, mahali hewa ni nzito. Injini inaishi kwa hewa. Huku kwetu hewa ni nyepesi, na mafundi wanahesabu kwamba kila mita 1,000 za kupanda zinaondoa karibu asilimia 10 ya nguvu. Pikipiki ya 100 yenye nguvu za farasi 8 kwenye kitabu chake inabaki na 7 hivi ikifika Bukavu. Boxer, pikipiki ya kampuni ya Bajaj, ya 150 yenye 12 inabaki na 10 na kidogo. Halafu unapanda Kadutu na mke nyuma na mfuko wa unga katikati.

Hewa hiyo nyepesi ina tabu nyingine. Karbirateri iliyopimwa kwa hewa ya chini inaendelea kumwaga esansi ileile, wakati hewa inayoingia imepungua. Sehemu ya esansi inatoka bila kuungua vizuri. Fungua buji, ile plagi inayowasha moto ndani ya injini, utazame ncha yake: ikiwa kavu na nyeusi kama chini ya sufuria ya makaa, unachoma pesa. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mambo ni sawa. Fundi anayejua atabadilisha jiklere, kile kitundu kidogo cha shaba kinachopitisha esansi, aweke chenye tundu dogo zaidi kidogo. Ni piesi ndogo kuliko kucha ya kidole, na kazi yake haichukui muda mrefu.

Lakini hapa ndipo ningependa tukae, kwa sababu watu wengi wananunua 150 kwa tatizo ambalo si la injini. Wanasema, "Ya 100 haipandi." Inapanda. Angalieni meno. Mbele, karibu na injini, kuna pinyo, gurudumu dogo la meno linalovuta cheni. Nyuma, kwenye gurudumu, kuna kurone, lile kubwa la meno linalovutwa na cheni. Tuseme pinyo ina meno 14 na kurone 42. Kurone inagawanywa kwa pinyo, jibu ni 3. Ukiondoa pinyo ya 14 ukaweka ya 13, jibu linakuwa 3.23. Pikipiki imepata nguvu ya kuvuta zaidi, na mwendo wake wa juu kabisa umepungua kidogo, asilimia 7 hivi. Nani kati yetu anaendesha kilomita 90 kwa saa hapa mjini, kati ya Essence na Feu Rouge? Hatupotezi chochote. Jino moja mbele ni karibu sawa na meno matatu nyuma, maana 45 kwa 14 ni 3.21. Mimi napenda kuongeza nyuma kuliko kupunguza mbele, kwa sababu pinyo ndogo inakunja cheni sana na cheni inakwisha mapema. Ila pinyo ni bei nafuu, na mwenye pesa kidogo aanze nayo. Badala ya kuongeza pesa nyingi kununua injini kubwa, umebadilisha chuma cha mkono mmoja.

Kwa hiyo anayekaa Cimpunda au Karhale, anapanda peke yake au na mtoto, achukue ya 100 na atengeneze meno. Anayebeba mtu mzima kila siku, au mzigo wa kuuza, achukue ya 125. Ya 150 namwachia anayetoka mjini mara kwa mara kwenda Walungu au Kavumu, na motari anayeishi kwayo.

Mama mmoja hapa mbele ameniuliza habari za skuta, na nimeona wengine wakitikisa kichwa kama vile ameuliza kitu cha watoto. Ana haki ya kuuliza. Skuta inapandwa bila kurusha mguu juu, na mwenye kitenge anajua maana yake. Miguu inakingwa na matope, chini ya kiti kuna mahali pa kuweka mfuko, na hakuna vitesi, yaani gia, vya kubadilisha. Piaggio ya Italia ilitoa Vespa mwaka 1946, kwenye nchi iliyovunjwa na vita, watu wakiwa hawana pesa ya gari, na ilibeba wafanyakazi wengi. Skuta ni chombo cha heshima.

Nakujibu, mama, kulingana na njia yako. Ukikaa Nguba na kufanya kazi karibu na Place de l'Indépendance, njia yako yote ni lami, skuta itakufaa. Ukikaa ndani ya Kadutu au Bagira, nakuomba usinunue. Magurudumu yake mengi ni ya inchi 10 au 12, wakati pikipiki ya kawaida ina 17 au 18. Shimo ambalo gurudumu kubwa linapita juu yake, dogo linaingia ndani. Tena skuta haivuti kwa cheni, inavuta kwa mkanda wa mpira na ambreyaji (klachi) inayojishika yenyewe injini ikizunguka haraka. Kwenye mlima mkali, ukienda polepole na mzigo, ambreyaji hiyo inateleza na kupata joto, mkanda unaisha kabla ya wakati wake. Na ukishuka polepole inaachia kabisa, injini haikushiki tena, unabaki na freni (breki) tu.

Kuna njia ya kati ambayo wengi hawaifikirii: aina ya Honda Super Cub. Honda waliianza 1958, na mwaka 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100. Haina tangi mbele ya magoti, kwa hiyo mwenye kitenge anapita. Ina magurudumu makubwa ya inchi 17, ina cheni, ina vitesi vya kubadilisha kwa mguu lakini haina mkono wa ambreyaji. Zipo pia za Kichina za umbo hilo. Ukiipata moja nzuri, usilipe kwanza. Nenda kwa fundi umuulize ana kebo yake, ana viatu vya freni, ana pinyo. Akikosa viwili kati ya vitatu, iache.

Nimetaja kushuka. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Naona watu wanazima injini wakishuka kutoka juu hadi ziwani, wanasema wanaokoa esansi. Wanaokoa vijiko vichache. Injini iliyo kwenye kitesi cha pili inashikilia pikipiki bila kugusa freni. Ukiizima na kuweka huru, uzito wote unabaki kwenye freni ya ngoma, ambayo ikipata joto inapoteza nguvu. Unaikanyaga, unasikia imelegea chini ya mguu, na mbele yako kuna watoto wa shule wanavuka. Mvua za Septemba hadi Mei zikilowesha udongo wetu mwekundu, hata freni nzuri haitoshi. Shuka na kitesi kilekile ambacho ungepandia mlima huo.

Turudi kwa fundi. Barabarani kwetu zimejaa TVS na Boxer ya Bajaj. Sizisifu kwa sababu ya jina, nazisifu kwa sababu piesi zake ziko kila mahali na kila kijana wa garaji ameshazifungua. Pikipiki bora zaidi ya Japani ambayo fundi wa mtaa wako hajawahi kuigusa itakugharimu zaidi kuliko TVS ya kawaida. Siku ya kuchagua, simama kwenye garaji nusu saa. Tazama zipi zinafunguliwa, na kwa ugonjwa gani. Hakuna duka litakalokupa habari hiyo.

Na mafuta ya injini, tafadhali. Mtu anahifadhi pesa kwa kununua mafuta ya gari ndogo ya kisasa, anamimina kwenye pikipiki. Ambreyaji ya pikipiki zetu inaogelea ndani ya mafuta yaleyale ya injini. Baadhi ya mafuta ya gari yametiwa dawa ya kupunguza msuguano, na ambreyaji inaanza kuteleza: injini inalia, pikipiki haiendi, esansi inaungua. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya mafuta yanayofaa ambreyaji kama hiyo. Fanya vidanji, yaani badilisha mafuta, kila kilomita 2,000 hivi, na mapema zaidi kama unabeba watu.

Esansi ya kadafi, wale wanaouza kwa chupa kando ya barabara, nayo ina maneno yake: inaweza kuwa na maji. Sitawaambia msinunue, maana usiku au siku ya foleni huna pengine. Lakini chini ya kikombe cha karbirateri kuna skrubu ndogo. Funga esansi ya tangi, weka chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, legeza skrubu. Acha chupa itulie kidogo. Esansi ni nyepesi, inakaa juu. Maji yanakaa chini, utayaona kama shanga zinazotembea ukiinamisha chupa, na pengine chembe za kutu karibu nazo. Ukiona shanga hizo, umejua kwa nini asubuhi haiwaki. Weka filta ndogo kwenye mpira wa esansi, ni bei ya chakula cha mchana.

Nitapita haraka kwa mambo mengine. Karti roze, ile karatasi ya usajili: namba ya chasi iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ya karatasi, ikitofautiana ondoka. Kaski (kofia ngumu) mbili, na kamba ifungwe. Pikipiki za umeme: ng'ambo ya mto Ruzizi, huko Rwanda, Kigali, kampuni ya Ampersand imeziweka kazini tangu 2019, dereva anabadilisha betri badala ya kuchaji, na mota ya umeme inapanda mlima vizuri kwa sababu haihitaji hewa. Siku tutakapopata vituo vya betri na umeme usiokatika, nitakuwa wa kwanza kuwaambia mnunue.

Swali la mwisho, papa aliye karibu na mlango: ana pesa ya 100 mpya au ya 150 iliyotumika kwa motari. Papa, chukua ya 100. Ya motari imebeba watu wawili watatu kutwa nzima, na ubovu wake hauko kwenye rangi. Kama huna budi kununua iliyotumika, nenda asubuhi kabla mwenyewe hajaiwasha, uguse injini uhakikishe ni baridi, kisha iwashwe mbele yako na utazame moshi. Wa bluu maana yake inakula mafuta ya injini. Inua gurudumu la nyuma, lishike kwa mikono miwili, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, mpira wa mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, au beringi, imekwisha. Vuta cheni kwa nyuma kwenye kurone. Ikiachia zaidi ya nusu ya jino, hesabu cheni, pinyo na kurone mpya, na uziondoe kwenye bei. Muuzaji akikataa kukuacha uijaribu kwenye mlima wa kwenu na mtu amekaa nyuma, rudisha pesa mfukoni.