Besi Inayojifuta Yenyewe: Mazungumzo Kuhusu Spika na Amplifaya za Nyumbani

SOMOE: Hamjambo wasikilizaji wetu wa Mtwara, Lindi na kote mnakotusikilizia. Mimi ni Somoe, mwalimu wa fizikia, na leo tumerekodia hapa Shangani, mjini Mtwara, kwenye kibanda cha kazi cha mwenzangu Hamisi, ambaye ni fundi wa redio na spika. Shikamoo, kaka Hamisi.

HAMISI: Marahaba, mwalimu. Karibuni nyote.

SOMOE: Nianze na swali la msikilizaji wetu wa Masasi. Anasema ana amplifaya yenye wati 50 kwa kila upande na jozi ya spika alizoachiwa na baba yake. Besi imepungua sana, hata gitaa la besi katika nyimbo za dansi alizozizoea tangu utotoni limebaki kama linapigiwa nyumba ya jirani. Muuzaji amemshauri anunue amplifaya ya wati 100, naye anauliza kama atumie fedha za korosho za msimu huu kwa ajili hiyo.

HAMISI: Ningemsihi azishike fedha zake kwanza. Katika kazi yangu, besi inapopotea kwenye spika ambazo zamani zilikuwa nayo, mara chache sana mkosaji ni amplifaya. Mara nyingi besi ipo, inatengenezwa, lakini inafutwa kabla haijamfikia msikilizaji.

SOMOE: Hilo la kufutwa tutalirudia kwa kirefu, maana ndilo kiini cha kipindi cha leo. Niruhusu nimalizane na hesabu ya wati. Ukizidisha nguvu mara mbili, kutoka wati 50 hadi wati 100, kiwango cha sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. Sikio hulitambua badiliko hilo, lakini ni dogo. Ili mtu ahisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika desibeli 10 hivi, na desibeli 10 ni nguvu mara 10. Kwa hiyo anayetoka wati 50 angetakiwa kwenda wati 500, si 100.

HAMISI: Na spika zenyewe hazilingani. Spika nyingi zilizotengenezwa kwa umakini huwa na karatasi ya maelezo inayosema zinatoa desibeli ngapi zikipewa wati 1, kipimo kikiwekwa umbali wa mita 1. Moja inaweza kuandikwa desibeli 86 na nyingine 92. Watu huipita namba hiyo wakikimbilia wati, lakini mimi ndiyo naitazama kwanza.

SOMOE: Tofauti hiyo ya desibeli 6 ni sawa na nguvu mara nne. Spika ya desibeli 92 inayosukumwa na wati 20 itasikika sawa na ile ya desibeli 86 inayosukumwa na wati 80. Wasikilizaji wetu wanaotumia umeme wa jua wanaelewa upesi maana ya wati 60 zinazobaki kwenye betri.

HAMISI: Kuna jambo linaloniumiza, mwalimu, nami nalisema kwa uchungu kabisa. Mtu anatoka kijijini na akiba yake, ananunua sabufa iliyoandikwa wati elfu kadhaa kwenye boksi, na pembeni yake herufi PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kitambo kifupi tu. Akifika nyumbani anakuta inazidiwa na redio ya mjomba wake ya miaka ya nyuma. Nawaomba ndugu zangu, kabla ya kulipa, geuzeni mashine msome kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa volti 230. Kama pameandikwa kwamba inatumia wati 60, basi hiyo haiwezi kutoa wati elfu za sauti mfululizo hata siku moja.

SOMOE: Kanuni ya nishati haina msamaha katika hilo. Kinachotoka hakiwezi kuzidi kinachoingia, na sehemu ya kinachoingia hupotea kama joto. Turudi sasa kwenye besi inayofutwa. Ulinieleza habari za spika za Mikindani. Naomba uwaeleze na wasikilizaji.

HAMISI: Mzee mmoja wa Mikindani aliniletea spika zake mbili akitaka nimtafutie amplifaya kubwa zaidi. Zilikuwa za boksi lililofungwa pande zote, bila tundu. Niliondoa kitambaa cha mbele, nikagusa kwa kidole ule ukingo wa sponji unaoizunguka karatasi inayotetema ya wufa, ile spika kubwa ya besi. Ulimeguka palepale. Ulikuwa umegeuka kitu kama unga wa kahawia wenye unatounato, unaoganda kwenye vidole. Robo tatu ya mzunguko ilikuwa imekwisha, na karatasi ilikuwa inaning'inia kwa kipande kilichobaki.

SOMOE: Sponji ya namna hiyo hutengenezwa kwa poliyurethani, na unyevu wa hewa huivunjavunja polepole mpaka inaoza hata kama spika haipigwi. Ukanda wetu wa pwani una joto na unyevu karibu mwaka mzima, ndiyo sababu spika zenye ukingo wa mpira hudumu zaidi huku kuliko za sponji. Sasa wasikilizaji waelewe kwa nini ukingo ukioza besi inaondoka. Karatasi ya spika inaposonga mbele husukuma hewa ya mbele, na papo hapo hewa ya nyuma yake inavutwa. Mawimbi hayo mawili yamepishana kinyume. Yakikutana, moja linalifuta jingine. Boksi lipo ili kuyatenganisha.

HAMISI: Na ukingo ukitoboka, boksi linakuwa limetoboka.

SOMOE: Ndiyo. Tena katika boksi lililofungwa, hewa iliyomo ndani hufanya kazi ya springi inayoirudisha karatasi mahali pake. Mmarekani Edgar Villchur ndiye aliyeufanya utaratibu huo ujulikane kwa spika yake ya AR-1 mwaka 1954, na kuanzia hapo ikawezekana kupata besi ya chini kutoka boksi dogo la kuweka sebuleni. Hewa ikipata pa kupenyea, springi imekufa. Mzee wa Mikindani angeweka wati 100 au 300, angekuwa anaongeza nguvu ya mawimbi mawili yanayofutana.

HAMISI: Angepata na hasara ya pili. Mtu akikosa besi hufungulia sauti mpaka mwisho. Amplifaya inafika mahali haina volti zaidi ya kutoa, basi vilele vya mawimbi vinakatwa vikawa bapa, sauti inaanza kukwaruza, na nguvu nyingi isiyo ya kawaida inaelekea kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Koili ya twita, yaani mzingo wa waya unaoitetemesha, ina waya mwembamba kama unywele, huungua upesi. Nimeshafungua twita nyingi zilizounguzwa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa, na wenyewe hushangaa, kwa sababu walidhani mashine ndogo haiwezi kuunguza kitu.

SOMOE: Hizi za Mikindani ulizitengenezaje?

HAMISI: Niliagiza mikanda mipya ya ukingo kutoka Dar es Salaam, ikaletwa na basi. Kazi kubwa si kubandika, kazi kubwa ni kuiweka koili katikati. Koili imekaa ndani ya pengo la sumaku, na nafasi kati yake na chuma haifiki hata milimita moja kila upande. Ikiegemea kidogo tu itasugua, nawe utasikia mkwaruzo kwenye kila noti ya chini. Kwa hiyo nilikata kile kifuniko cha vumbi cha katikati, nikachomeka vipande vinne vyembamba vya filamu ya eksirei kuizunguka koili ili isiyumbe, ndipo nikabandika ukingo na kuacha gundi ikauke usiku kucha. Asubuhi nilichomoa filamu, nikaisukuma karatasi kwa vidole vya mikono miwili, taratibu, sikio likiwa karibu. Ilikwenda na kurudi bila sauti yoyote.

SOMOE: Nilikuwepo asubuhi hiyo. Inapendeza kuona kwamba spika ya namna hii, ya koili inayocheza ndani ya sumaku, ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1925, na karne moja baadaye bado mtu anaweza kuifungua juu ya meza Shangani, akaielewa yote kwa macho na kuitengeneza kwa mikono.

HAMISI: Ndiyo maana naipenda kazi hii. Ndani ya boksi nilitoa pamba iliyokuwa imeota ukungu, nikajaza sufi safi, ileile ya kujazia mito, lakini bila kuishindilia. Viungo vya mbao nilivikaza. Maboksi yenyewe yalikuwa ya plaiwudi nzito, nikashukuru, kwa sababu yale ya unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi yakishapata unyevu wa kwetu huvimba kwenye pembe na kuachia.

SOMOE: Halafu mkazipiga.

HAMISI: Tukazipiga, na besi bado ikawa hafifu.

SOMOE: Hapo ndipo lilipofutika wimbi kwa mara ya pili.

HAMISI: Kumbe spika moja ilikuwa imegeuzwa nyaya. Chanya ya amplifaya ilikwenda kwenye hasi ya spika. Karatasi ya kulia ikitoka nje, ya kushoto inaingia ndani. Spika moja ikipigwa peke yake huwezi kujua. Zikipigwa pamoja, besi ya kulia inafutwa na ya kushoto hewani, na sauti ya mwimbaji, badala ya kusimama katikati, inatawanyika chumba kizima, hujui inatoka wapi.

SOMOE: Msikilizaji wetu wa Masasi anaweza kulichunguza hilo leo bila fundi.

HAMISI: Anaweza. Achomoe nyaya kwenye amplifaya, achukue betri ya redio ya volti 1.5, aguse chanya kwenye waya anaodhani ni chanya na hasi kwenye mwingine, kwa mguso wa haraka, asiiache. Aitazame karatasi ya wufa. Ikiruka kuelekea nje, waya ni sahihi. Afanye hivyo kwa spika zote mbili. Zinatakiwa ziruke upande mmoja.

SOMOE: Nami nimwongezee la chumba, kwa sababu kufutana kwa tatu hutokea hapo. Nyumba zetu nyingi sasa zina kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae na madirisha ya kioo. Sauti inagonga ukuta na kurudi. Kwa joto la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Katika chumba chenye urefu wa mita 3.5, wimbi la hezi 50 hivi, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, hukwama kati ya kuta mbili: kwenye kuta linavuma, na katikati ya chumba linakuwa karibu kimya. Aliyeweka kochi lake katikati kabisa amekaa juu ya shimo la besi.

HAMISI: Wengi wakiambiwa hivyo huning'iniza mapazia mazito wakidhani wamemaliza.

SOMOE: Pazia, zulia na mkeka hupunguza mwangwi wa sauti za juu, na hilo lina faida yake, maneno ya mwimbaji yanasikika vizuri zaidi. Lakini wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, pazia halilizuii. Dawa ya bei nafuu ni kuhamisha. Sogeza kochi nyuma kwa hatua moja, sikiliza. Sogeza spika karibu na ukuta, besi itaongezeka. Ukiziingiza kwenye kona itaongezeka zaidi, pengine ikaanza kuunguruma, basi zirudishe mbele kidogo.

HAMISI: Naona wapo watakaosema tumewakataza kununua amplifaya. Hatujakataza. Ukumbi mkubwa au spika nzito kusukuma hudai wati za kweli. Anayenunua kwa matumizi ya hapa kwetu afikirie joto. Amplifaya za daraja la AB, yaani aina moja ya saketi, hupiga vizuri sana, nami nimezijenga nyingi kwa transista za 2SC5200 na 2SA1943, ila hutoa joto jingi na zinahitaji bati kubwa la kupozea lenye hewa ya kutosha. Za daraja la D hupoteza nishati kidogo, kwa hiyo zinafaa nyumba zenye umeme wa jua. Na uangalie omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme. Spika ya omu 4 kwenye mashine inayotaka omu 8 huivuta mkondo mara mbili, na ikipigwa kwa nguvu inaweza kuiunguza.

SOMOE: Mzee wa Mikindani aliishia kununua amplifaya gani?

HAMISI: Hakununua. Nilimrudishia spika zake siku ya Ijumaa baada ya swala, nikaziweka kwenye sebule yake, nusu mita kutoka ukutani, nikaziunganisha na amplifaya yake ileile ya wati 40. Aliweka wimbo mmoja wa dansi wa zamani. Gitaa la besi lilipoingia alinyamaza, akaweka kiganja juu ya boksi la kulia, akakiacha hapo mpaka wimbo ulipokwisha. Kisha akamwita mkewe kutoka uani aje kusikiliza, akaurudia tangu mwanzo.