Safu ya nje ya seli

Asalamu aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni.

Hapa Mombasa naulizwa sana: "Daktari, tezi dume yangu imekuwa kubwa, ndiyo saratani?" Ukubwa haujibu swali hilo. Kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, nacho hakitoshi, kwani hupanda hata kwa uvimbe wa kawaida au maambukizi. Jibu liko kwenye vinyama vyembamba, mara nyingi 10 hadi 12, vinavyochukuliwa kwa sindano, vikagandishwa ndani ya nta, vikakatwa vipande vya mikroni 4 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na kutiwa rangi ya zambarau na waridi.

Katika tezi yenye afya, hadubini hunionyesha vijifuko vyenye mikunjo kwa ndani, vimekaa kati ya misuli na nyuzi. Kila kimoja kina safu mbili za seli: za ndani ni ndefu na hutoa majimaji, za nje ni fupi, zimelala ukutani. Hizo za nje ndizo nizitafutazo kwanza.

Mzee anayeamka usiku kucha kwenda kukojoa, mara nyingi vijifuko vyake vimeongezeka na kufanya mafundo. Safu zote mbili lakini zipo. Huo ni uvimbe usio saratani, wala si hatua ya kuelekea saratani.

Kwenye saratani, vijifuko ni vidogo, vimejipenyeza katikati ya vile vizima, na safu ya nje imetoweka. Viini vya seli vimekua, na ndani yake kuna kitone kinachoonekana wazi. Nikikuta vijifuko vimeuzunguka mshipa wa fahamu, shaka yangu huisha.

Slaidi nyingine, yaani vioo vyenye vipande hivyo, husumbua, na hapa naomba mnisikilize. Vijifuko vilivyosinyaa huweza kufanana sana na saratani, na seli zao za nje huwa chache. Hapo tunatumia kingamwili za maabara, kama ile inayoshika p63, protini ya seli za nje, ambazo huzipaka seli za nje rangi ya kahawia. Jibu litachelewa. Tafadhali subirini, kumwambia mtu ana saratani ilhali hana ni kumdhulumu.

Ikithibitika, tunapima ukali wake kwa mfumo alioubuni daktari Mmarekani Donald Gleason katika miaka ya 1960, unaojumlisha alama mbili za mpangilio wa vijifuko. Siku hizi jumla ya alama kwa kawaida huanzia 6, isiyo kali sana, hadi 10, iliyo kali zaidi. Wengi wenye 6 hufuatiliwa kwa vipimo tu, bila kukimbilia upasuaji. Kwa hiyo mkipewa ripoti, ulizeni alama ni ngapi, na ni vinyama vingapi vilivyokutwa na saratani, kabla ya kukubali matibabu yoyote.