Mizoga Ufuoni: Je, Wageni Ndio Walioleta Ugonjwa?

ACHIENG: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumza kutoka Kisumu kuhusu ndege wa majini ambao hutoka Ulaya na Asia kuanzia Oktoba, wakakaa kwenye maziwa na vinamasi vyetu hadi Machi au Aprili, na kuhusu maradhi yanayowaua kwa makundi. Daktari Barasa, wewe unatibu mifugo upande wa Nakuru. Mizoga mitano ikionekana hapa ufuoni Dunga, neno la kwanza litakalosemwa ni kwamba wageni wametuletea homa ya ndege. Je, ni haki kuwalaumu?

BARASA: Hofu hiyo ina msingi, Achieng. Mnamo Januari 2017 Uganda ilithibitisha homa ya ndege aina ya H5N8 baada ya ndege wadogo wa jamii ya shakwe kuanza kufa katika ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe. Hilo ni ziwa letu hili hili la Viktoria. Ugonjwa ulifika pia kwa bata na kuku wa kufugwa, na Kenya ikapiga marufuku kuku kutoka ng'ambo ile. Hata hivyo, ukifuata nasaba ya virusi hivyo, unarudi hadi kwa bata bukini wa kufugwa waliochunguzwa Guangdong, China, mwaka 1996. Ndege wa porini waliambukizwa kutoka kwetu kwanza, kisha wakaanza kutusafirishia tulichowapa. Mwaka 2005, katika ziwa Qinghai huko China, walikufa kwa maelfu.

ACHIENG: Kwa hiyo bata anayetua hapa akiwa amebeba virusi atakuwa anaumwa?

BARASA: Si lazima, na hapo ndipo ugumu ulipo. Bata wengi hubeba virusi vya mafua visivyo vikali tumboni mwao bila dalili yoyote, wakivitoa kwa kinyesi majini, na wenzao wakavinywa. Kwa sababu hiyo mimi huanza kwa kuuliza ni ndege wangapi wanakunywa mahali pamoja, kabla ya kuuliza wametoka wapi. Mwishoni mwa 2021, katika bonde la Hula nchini Israeli, zaidi ya korongo 5,000 walikufa kwa homa ya ndege. Korongo wale walikuwa wakimwagiwa nafaka mahali pamoja ili wasiharibu mashamba ya wakulima. Nia ilikuwa njema, lakini walisongamana.

ACHIENG: Tuje nyumbani. Watu wa Nakuru wanakumbuka heroe, yaani flamingo, waliokuwa wakifa kwa maelfu miaka ya 1990.

BARASA: Na heroe ndiye anayevunja hoja ya wageni. Heroe mdogo hatoki Ulaya. Huzunguka kati ya maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria, na huzaa hasa katika ziwa Natron, Tanzania. Katika vifo vya 1993, wachunguzi walikuta kifua kikuu cha ndege. Uchunguzi uliofuata ulikuta sumu za mwani wa buluu-kijani, hata matumboni mwa heroe wa Bogoria waliokuwa wamemeza vipande vya mwani unaoota kando ya chemchemi za maji moto. Yalizungumzwa pia madini mazito ya viwandani. Mimi naamini mambo hayo yalisaidiana: ndege aliyedhoofishwa na sumu hawezi kupambana na bakteria ambao angeweza kuishi nao miaka mingi.

ACHIENG: Kuna ugonjwa mwingine uliouandika kwenye dondoo zako ukaupigia mstari mara mbili.

BARASA: Botulizimu. Huu hauhitaji mgeni yeyote. Chembe za bakteria wake hulala ndani ya tope kwa miaka mingi. Maji yakipata joto, oksijeni ikapungua na kukawa na mnyama au samaki anayeoza, zinaamka na kutengeneza sumu. Ndege mmoja akifa, inzi hutaga juu ya mzoga, funza wanakula nyama yenye sumu bila kudhurika, halafu bata mzima anakuja kuwadonoa. Funza wachache tu wanatosha kumuua. Utamwona anapiga mabawa juu ya maji bila kuruka, kisha shingo inalegea na kichwa kinazama, kwa hiyo wengi hufa maji kabla sumu haijawamaliza. Mzoga wake nao unazaa funza wengine.

ACHIENG: Basi tukiona mizoga, tuiokote haraka?

BARASA: Iondolewe haraka, ndiyo, lakini si kwa mikono mitupu, wala isipewe mbwa, na wala mtu asimchinje bata aliyelegea akidhani amepata kitoweo. Mkikuta mizoga, mpigieni afisa wa mifugo wa kaunti au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, mkieleza ni aina gani ya ndege na wameanza kufa lini. Jambo hili hatulisemi vya kutosha: maabara inahitaji mzoga wa leo, uliowekwa kwenye barafu. Nimewahi kuletewa gunia la ndege wa siku nne, limefungwa vizuri kabisa, na kitu pekee nilichoweza kuthibitisha ni kwamba walikuwa wamekufa.

ACHIENG: (Anacheka.) Na hapa kwetu, ambapo gugumaji huja likaziba ghuba, likaoza, na maji taka nayo yakaingia?

BARASA: Hali hiyo ndiyo ningeichunguza kwanza, kwa kuwa gugu linalooza hunyonya oksijeni na samaki wakafa, na tope lenye joto liko tayari chini yake. Mfugaji wa Nyalenda mwenye bata wanaooga kwenye mtaro uleule wanaotumia ndege wa porini awafungie kwake msimu huu na awape maji ya mfereji. Ni gharama, najua.

ACHIENG: Hesabu ya ndege wa majini hufanyika kila Januari, na wasikilizaji wetu wengi hujitolea. Wafanye nini cha ziada?

BARASA: Wahesabu pia waliokufa na wanaoshindwa kuruka, kila aina peke yake, na waandike kama maji yananuka. Bata kumi waliokufa katikati ya kundi la shakwe wazima ni habari tofauti kabisa na mizoga kumi ya aina tano, na daftari lisilotenganisha hayo halitamsaidia mtu wa maabara kuchagua aanze na kipimo gani.