Ombi Si Sharti

Ndugu zangu, hili la kutenganisha ombi na sharti la leseni nimelisema hadi sauti ikakauka, na bado nakutana na faili za README, yale maelezo yanayoambatana na programu, zinazosema: “Ukitumia programu hii, lazima uweke jina langu kwenye tovuti yako, tafadhali.” Lazima, halafu tafadhali! Chini yake, leseni ya MIT, mojawapo ya leseni huria zinazomruhusu yeyote kutumia na kunakili programu. Mtumiaji ashike lipi?

MIT inadai jambo moja: ilani ya hakimiliki na maneno ya ruhusa viandamane na kila nakala ya programu, au sehemu yake kubwa. Ilani ikikaa kwenye faili ambayo hakuna anayeifungua, sharti limetimia. Tovuti haimo. Asiyekutaja huko labda amekosa adabu, leseni hajaivunja.

Najua mtu atasema, basi naongeza sentensi moja tu kwenye leseni. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuwa na sentensi yake moja tu. Leseni ya zamani ya BSD, programu za chuo hicho, ilitaka kila tangazo linalotaja sifa au matumizi ya programu likitaje na chuo. Wengine wakaiga, ila kila mmoja akafuta jina la chuo akaweka lake. Toleo moja la 1997 la NetBSD, mfumo endeshi uliotokana na BSD, lilikutwa na sentensi 75 za namna hiyo. Tangazo lenye shukrani 75! Bidhaa yenyewe itatajwa lini? Tena sharti hilo liligongana na GPL, leseni nyingine huria, isiyokubali kuongezewa vikwazo kiholela. Chuo kililifuta mwaka 1999, lakini kwa msimbo wake tu. Walioiga walibaki na sentensi zao.

Sisemi kutajwa ni upuuzi. Mwaka 2008, katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubali kwamba kukiuka masharti ya leseni huria, la kutaja waandishi likiwemo, kunaweza kuwa ukiukaji wa hakimiliki.

Basi unayetaka sharti, chagua leseni iliyo nalo. Leseni ya Apache 2.0 ina faili ya NOTICE, ya kutaja wenye kazi. GPL ya 3 nayo inaruhusu masharti machache ya nyongeza, la kutaja waandishi likiwemo; someni kifungu cha 7 wenyewe, muda unanitupa mkono. Unayetaka hisani, andika: “Hili ni ombi, si sehemu ya leseni.” Liweke README, mbali na faili ya leseni.

Na wewe uliyenyoosha mkono huko nyuma: hapana, kuliandika ombi kwa herufi kubwa hakulifanyi kuwa sharti.